Chuo cha mtandaoni cha Marekani kikikukosea, lalamiko liende mlango upi

Malalamiko mengi ya wanafunzi wa vyuo vya mtandaoni vya Marekani hayashindwi kwa sababu mwanafunzi hana haki. Yanashindwa kwa sababu yamepelekwa ofisi isiyo na mamlaka juu ya jambo lenyewe, au yamechelewa, au yameruka hatua ya kwanza. Ofisi inajibu kwa aya mbili za upole, faili linafungwa, na mwanafunzi anabaki akiamini kwamba wakubwa wamelindana. Mara nyingi hakuna aliyemlinda mwenzake. Barua ilibisha hodi nyumba ya jirani.

Wenzetu wanaosoma kwenye vyuo hivi wako kila mahali. Yupo muuguzi msaidizi wa Columbus au Minneapolis anayefungua kompyuta saa tano usiku baada ya zamu, na yupo mhasibu wa Arusha anayelipia shahada ya uzamili kwa kadi ya benki. Wote wawili wanaweza kudhulumiwa, na wote wawili wana pa kushitaki, ila si mahali pamoja.

Anza kwa kujua nani anashika nini. Marekani haina chombo kimoja cha taifa kinachosimamia vyuo vyote kama TCU ilivyo Tanzania au CUE ilivyo Kenya. Chini ya Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, usimamizi umegawanywa kwa watatu. Jimbo linatoa kibali cha kuendesha chuo na kumlinda mwanafunzi kama mteja. Chombo cha ithibati, ambacho ni shirika lisilo la serikali, hupima masomo, walimu na uongozi. Idara ya Elimu ya serikali kuu huamua chuo kipi kipokee fedha za misaada na mikopo ya wanafunzi, kisha hufuatilia zinavyotumika. Ukidai kurudishiwa ada kupitia chombo cha ithibati, utaambiwa hawaamui madai ya mtu mmoja mmoja. Ukilalamikia alama ya mtihani kwa jimbo, utaambiwa alama ni kazi ya chuo. Majibu yote mawili ni sahihi, na yote mawili yamekupotezea miezi.

Linganisha na Uingereza. Kwa vyuo vya England na Wales ipo ofisi moja huru ya malalamiko ya wanafunzi, OIA. Ukimaliza taratibu za ndani, chuo kinakupa barua ya kuthibitisha kwamba zimekwisha, nawe unao miezi 12 ya kufika OIA. Marekani barua hiyo haiji yenyewe. Ni juu yako kukitaka chuo kiandike kwamba huo ndio uamuzi wake wa mwisho, kwa sababu karibu kila ofisi ya nje itakuuliza: umemalizana na chuo?

Ndani ya chuo kwanza

Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa na kanuni ya 34 CFR 668.43(b) (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu) kumpa mwanafunzi, hata yule ambaye hajajiunga bado, mawasiliano ya kupeleka malalamiko kwenye chombo chake cha ithibati na kwenye ofisi ya jimbo. Kwa kawaida maelezo hayo yako chini kabisa ya tovuti, kwenye ukurasa wenye kichwa kama Consumer Information au State Authorization. Ufungue siku ya kwanza ya masomo na uuhifadhi kama PDF. Hifadhi pia katalogi ya mwaka uliojiunga, kwani masharti ya marejesho ya ada na taratibu za rufaa hubadilika, na chuo kikikujibu kwa toleo jipya uwe na la zamani mkononi. Kama hukuhifadhi, jaribu web.archive.org. Mara nyingi ukurasa wa zamani bado uko pale, na tarehe yake.

Usalie kwenye maandishi. Mshauri wa usajili aliyekupigia simu mara tisa kabla hujajiunga ni mtu mchangamfu, lakini ahadi yake ya kwenye simu haina ushahidi. Kila mkimaliza kuongea, mwandikie barua pepe siku ileile: "Kama tulivyozungumza leo, umenieleza kwamba krediti 30 za chuo changu cha awali zitakubaliwa. Kama nimekosea, tafadhali nisahihishe." Asipojibu, ukimya wake unaingia kwenye faili lako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi wa mwanafunzi ni mali.

Kuna kosa moja linalowaumiza wengi. Chuo kikikuondoa, au ukijiondoa mwenyewe, akaunti yako kwenye jukwaa la masomo inaweza kufungwa siku chache baadaye. Maoni ya mwalimu, tarehe za kuwasilisha kazi, ujumbe wa ndani, mijadala ya darasa, vyote vinabaki upande wa pili wa ukuta. Piga skrinishoti mapema, zionyeshe tarehe na saa, na uziweke nje ya barua pepe ya chuo. Ukiwa umechelewa, bado unayo FERPA, sheria ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi. Inakupa haki ya kukagua kumbukumbu zako, na chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinapaswa kukuwezesha ndani ya siku 45 tangu kupokea ombi. Kama umbali unakuzuia kufika, chuo kinapaswa kukupa nakala au kutafuta njia nyingine ya kukuwezesha. Omba kwa maandishi, na utaje unachotaka kwa jina: kumbukumbu za mawasiliano yangu na ofisi ya usajili, akaunti yangu ya ada, tarehe za ushiriki wangu katika kila kozi.

Barua yenyewe iwe na kichwa kinachosema Formal Complaint. Barua isiyo na maneno hayo hupokelewa kirahisi kama swali la huduma kwa wateja, ikajibiwa na mtu wa dawati la msaada, isiingie kwenye daftari la malalamiko. Daftari hilo lina uzito. Kanuni za serikali kuu zinavitaka vyombo vya ithibati viwe na kigezo kinachohusu malalamiko ya wanafunzi, na wakaguzi wakija huangalia yaliyopokelewa na yalivyoshughulikiwa. Lalamiko lililoandikishwa ni jambo ambalo chuo kitaulizwa. Simu ya mwanafunzi aliyekasirika haitaulizwa na mtu.

Urefu wa barua usizidi kurasa mbili. Eleza tukio kwa mfuatano wa tarehe, taja kifungu cha katalogi au mwongozo wa mwanafunzi kilichovunjwa, sema unachotaka kifanyike, na weka siku ya kusubiri jibu kulingana na utaratibu wa chuo wenyewe. Usichanganye mambo matano. Mwalimu asiyejibu, ada iliyozidi na transkripti iliyozuiliwa ni malalamiko matatu, na kila moja lina mwenyewe.

Mwalimu aliyetoweka

Nitakaa kidogo hapa, maana hili ni lalamiko la kawaida na huandikwa vibaya. Mwanafunzi anaandika: "Mwalimu hatufundishi, tunajisomea wenyewe." Sentensi hiyo haina pa kushikika. Kanuni za serikali kuu, kwenye 34 CFR 600.2, zinatofautisha elimu ya mtandaoni na masomo ya posta kwa jambo moja kubwa: lazima pawe na mawasiliano ya mara kwa mara na yenye uzito kati ya mwalimu na wanafunzi. Yenye uzito maana yake ni kufundisha, kupima na kujadili somo, na angalau mambo mawili yawepo kati ya haya: kufundisha moja kwa moja, kusahihisha kazi au kutoa maoni juu yake, kujibu maswali kuhusu somo, kuongoza mjadala wa kikundi, au shughuli nyingine iliyoidhinishwa na chombo cha ithibati. Ya mara kwa mara maana yake ni kwamba fursa hizo zimepangwa na zinatabirika, na mwalimu anafuatilia maendeleo ya mwanafunzi bila kungoja kuombwa.

Sasa andika upya: "Kati ya tarehe 3 Septemba na 12 Novemba niliwasilisha kazi 6. Hakuna hata moja iliyopata maoni. 4 zilipewa alama na programu, 2 hazina alama hadi leo. Nilituma maswali kuhusu somo tarehe 10 na 24 Septemba, na 8 Oktoba. Hayakujibiwa. Ratiba ya kozi haina kipindi chochote cha moja kwa moja wala saa za mwalimu." Ambatanisha skrinishoti kwa namba. Hapo umekiambia chuo kwamba kozi yake inaweza kuonekana kuwa masomo ya posta, na chuo ambacho zaidi ya nusu ya kozi au ya wanafunzi wake ni wa masomo ya posta hupoteza sifa ya kupokea fedha za serikali kuu. Jambo hili si la nadharia. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa Idara ya Elimu alipendekeza Western Governors University irudishe dola milioni 713 kwa hoja ya mawasiliano ya mwalimu na mwanafunzi. Idara ilikataa pendekezo hilo Januari 2019, na tafsiri ya kanuni ikafafanuliwa zaidi baadaye. Chuo hakikulipa, lakini ofisi za taratibu kwenye vyuo vya mtandaoni bado huisoma hoja hiyo kwa makini.

Lalamiko la namna hii ndilo linalofaa kwa chombo cha ithibati. Pia linafaa lile la ada ya usimamizi wa mtihani kwa kamera iliyozuka katikati ya muhula. Chuo kinatakiwa kumjulisha mwanafunzi, wakati wa kujiandikisha, gharama za ziada za kuthibitisha utambulisho wake. Kama hazikutajwa wakati ule, una hoja.

Deni lililotokea baada ya kujiondoa

Hili nalo linahitaji hesabu, kwa hiyo shika kalamu. Mwanafunzi mwenye msaada au mkopo wa serikali kuu akijiondoa kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, anahesabiwa kuwa amestahili sehemu tu ya fedha hizo, kulingana na siku alizosoma. Siku ni za kalenda. Mapumziko ya siku 5 au zaidi mfululizo huondolewa.

Chukua muhula wa siku 112 na mwanafunzi aliyejiondoa siku ya 42. Hiyo ni asilimia 37.5. Alikuwa amepewa dola 6,000. Amestahili 2,250, na 3,750 hakuzistahili. Ada yake ilikuwa 4,800. Chuo kinarudisha serikalini kiasi kidogo kati ya viwili: 3,750, au ada mara asilimia 62.5, ambayo ni 3,000. Kinarudisha 3,000, tena ndani ya siku 45 tangu kitambue kwamba umeondoka. Kisha kinageuka. Masharti yake ya marejesho yanasema baada ya wiki ya nne ada hairudishwi, kwa hiyo ada yote ya 4,800 bado inadaiwa, na zile 3,000 zilizokwenda serikalini unaandikiwa wewe. Zile 750 zinazobaki, kama ni mkopo, utazilipa kwa masharti ya kawaida ya mkopo. Mwanafunzi anapata bili ya dola 3,000 kwa kozi ambayo hakuimaliza, na anadhani ni wizi.

Si wizi kama hesabu ni sahihi. Uliza kama ni sahihi. Tarehe ya kujiondoa ndiyo inayobeba kila kitu: angejiondoa siku ya 68, yaani asilimia 60.7, angestahili fedha zote. Kwa chuo kisicholazimika kuchukua mahudhurio, tarehe hiyo ni siku ulipoanza utaratibu wa kujiondoa au ulipoiarifu ofisi iliyoteuliwa kwa kazi hiyo. Kumwambia mwalimu, au kumtumia mshauri ujumbe wa simu, kunaweza kusihesabiwe. Usipomwarifu mtu, chuo kinaweza kutumia nusu ya muhula, au siku ya mwisho ya ushiriki wako wa kimasomo. Na ushiriki wa kimasomo ni kuwasilisha kazi, kufanya mtihani au kuchangia mjadala uliopangwa. Kuingia kwenye jukwaa na kutoka hakuhesabiwi.

Kwa hiyo andikia ofisi ya fedha, na tumia jina wanalolitumia wao: naomba nakala ya karatasi ya R2T4 (hesabu ya fedha za kurudishwa serikalini), tarehe iliyotumika na ushahidi wa tarehe hiyo, pamoja na idadi ya siku za muhula. Vyuo vingi vya mtandaoni hukata muhula vipande vya wiki 5 au 8, na huko kanuni zina nyongeza zake, hivyo idadi ya siku ni ya kukaguliwa kwa jicho. Makosa ya namna hii yapo, na yakithibitika hurekebishwa bila kelele.

Jambo dogo linalofuatana na hili: fedha za msaada zikizidi ada, chuo kinapaswa kukulipa ziada ndani ya siku 14. Ikifika siku ya 15 bila malipo wala maelezo, unacho cha kulalamikia.

Jimbo lipi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Unaishi Texas, chuo kiko Minnesota. Unaandikia Texas kwa sababu ndiko unakolipa kodi. Lakini majimbo yote isipokuwa California, pamoja na Wilaya ya Columbia, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani, yako kwenye makubaliano ya SARA, yaliyoanza kupokea majimbo mwaka 2014. Chini yake, chuo mwanachama kinaidhinishwa na jimbo la kwao na kinaweza kufundisha mtandaoni kwenye majimbo mengine. Lalamiko nalo hufuata njia hiyohiyo: chuo kwanza, kisha ofisi ya SARA ya jimbo la chuo. Kwa mfano wetu ni Minnesota Office of Higher Education. Una miaka miwili tangu tukio. Alama na makosa ya nidhamu ya mwanafunzi hayapokelewi kabisa kwenye njia hii.

Kabla ya kuandika, angalia kwenye tovuti ya NC-SARA, baraza linaloratibu makubaliano hayo, kama chuo chako ni mwanachama. Kama si mwanachama, chuo kinahitaji kibali cha jimbo unaloishi wewe pale linapokitaka, na hapo ndipo jimbo lako linakuwa mlango sahihi. Kama wewe na chuo mko jimbo moja, SARA haihusiki; tumia utaratibu wa kawaida wa jimbo hilo. Na ukihama, kiarifu chuo rasmi. Kanuni zinakitaka kijue mwanafunzi yuko jimbo gani anapojiunga, na tena kinapopokea taarifa rasmi ya mabadiliko ya anwani. Mwanafunzi wa uuguzi aliyehama kutoka Ohio kwenda Washington bila kusema anaweza kugundua mwishoni kwamba programu yake haitoshelezi leseni ya huko, na chuo kikajitetea kwamba hakikujua.

California wana utaratibu wao. Ofisi inayohusika na vyuo binafsi ni Bureau for Private Postsecondary Education, na chuo cha kibiashara cha nje ya jimbo kinachofundisha wakazi wa California lazima kijisajili hapo. Wana pia mfuko wa kuwafidia wanafunzi waliopoteza ada, STRF, wenye masharti yake ya ukaazi. Mkazi wa huko asisahau kuuliza.

Kama umedanganywa wakati wa kuandikishwa, kuhusu gharama, ajira au uhamisho wa krediti, SARA haikuzuii kwenda kwa mwanasheria mkuu wa jimbo unaloishi. Sheria za jumla za kumlinda mlaji zinabaki mikononi mwa kila jimbo. Mwanasheria mkuu wa California alikishitaki Ashford University pamoja na kampuni mama mwaka 2017, na Machi 2022 mahakama ikaamuru adhabu ya zaidi ya dola milioni 22. Ofisi hizi hazifungui kesi kwa barua moja, lakini barua zinazofanana zikirundikana ndipo uchunguzi huanza. Barua yako ina kazi hata kama jibu lake ni fupi.

Wengine wenye mamlaka

Chombo cha ithibati kikague mwenyewe kwenye orodha ya Idara ya Elimu iitwayo DAPIP. Usiridhike na nembo iliyo kwenye tovuti ya chuo. Kuna vyombo vya ithibati visivyotambuliwa na yeyote, na kuna vilivyotambuliwa zamani. ACICS ilipoteza utambuzi wake mwaka 2022. Ukiandika kwa Higher Learning Commission, SACSCOC, DEAC au kingine, usiombe fedha. Onyesha kigezo kilichokiukwa na ushahidi wake. Kuhusu alama, wao pia hawaibadilishi, lakini ikiwa chuo kilikataa kusikiliza rufaa yako ya alama kinyume cha utaratibu wake uliochapishwa, hilo ni lalamiko la utaratibu na wanaweza kulipokea. Liandike hivyo tu kama ndivyo ilivyokuwa.

Ubaguzi wa rangi, asili, jinsia au ulemavu una njia yake: Ofisi ya Haki za Kiraia ya Idara ya Elimu, ndani ya siku 180 za kalenda tangu tendo la mwisho. Ukianza na utaratibu wa ndani wa chuo na ukafika mwisho, unapewa siku 60 baada ya hapo. Mwanafunzi aliyenyimwa muda wa ziada wa mtihani kwa sababu ya ulemavu aliouthibitisha asisubiri muhula uishe. Machi 2025 matawi 7 kati ya 12 ya mikoa ya ofisi hiyo ya haki za kiraia yalitangazwa kufungwa, kwa hiyo tuma ombi lako mapema na endelea na milango mingine.

Transkripti iliyozuiliwa kwa deni inategemea. Tangu Julai 2024 chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinapaswa kutoa transkripti ya krediti za vipindi ambavyo ulipata fedha hizo na gharama zake zote zimelipwa. California na New York zina sheria zao kali zaidi. Anayelipa mwenyewe kutoka nje ya Marekani hana kinga ya kanuni ile ya serikali kuu.

Ukiwa nje ya Marekani

Mhasibu wetu wa Arusha hana jimbo, kwa hiyo kwake jibu ni rahisi kuliko anavyodhani: chuo, kisha ofisi ya jimbo la chuo, na chombo cha ithibati kwa mambo ya ubora. Hakihitajiki kibali cha ukaazi wala namba ya Marekani ili uandike. Mkataba uliosaini unaweza kukutaka migogoro ipelekwe kwa msuluhishi. Usome, lakini usidhani kwamba unakufungia ofisi za usimamizi. Kuomba benki irudishe malipo ya kadi kunawezekana kama chuo hakikutoa kilicholipiwa. Ujue tu kwamba chuo kinaweza kuligeuza kuwa deni na kuzuia transkripti, kwa hiyo lalamiko rasmi litangulie.

Kabla ya kulipa muhula wa kwanza, uliza TCU au mamlaka ya nchi yako kama shahada ya chuo hicho, iliyosomwa mtandaoni, itatambuliwa. Uliza kwa maandishi na utaje jina la programu. Shahada isiyotambuliwa nyumbani hairekebishwi na ofisi yoyote ya Marekani.

Baada ya kutuma

Ofisi ya jimbo ikilipokea lalamiko, kwa kawaida hulituma kwa chuo ili kijibu kwa tarehe fulani. Jibu hilo litaandikwa na mtu anayeijua kazi yake, na litaambatana na katalogi, sahihi yako ya kielektroniki kwenye masharti, na orodha ya siku ulizoingia kwenye jukwaa. Usitishike. Lisome aya kwa aya, ujibu aya kwa aya, kwa namba zilezile walizotumia. Wakisema uliarifiwa tarehe 5, ambatanisha barua pepe ya tarehe 9 inayouliza jambo hilohilo. Wakitaja kifungu, angalia kama kilikuwamo kwenye katalogi ya mwaka wako. Usiongeze tuhuma mpya kwenye jibu, kwa sababu ofisi italazimika kuzirudisha kwa chuo na saa inaanza upya. Kama chuo kimetoa nusu ya ulichodai, sema wazi kama unaipokea na nini kinabaki. Na kama kurasa za malalamiko za chuo zina viungo vilivyokufa au namba ya ofisi iliyokwisha badilishwa jina, lieleze hilo kwa sentensi moja mwishoni, na skrinishoti yake yenye tarehe.